Je, kuhamisha seva kutoka Ayalandi hadi Cape Town kutatusaidia mkongo ukikatika?

Mtunza Mifumo, Mwanza
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninatunza programu ya chama cha akiba na mikopo ambayo seva zake ziko Ayalandi, na matawi hutuma kila muamala huko moja kwa moja kupitia API, yaani kiunganishi cha programu na programu. Mikongo ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, makarani walishindwa kupokea hata marejesho ya mikopo huku wanachama wakisubiri dirishani. Uongozi sasa unataka tuhamie Cape Town kwa sababu ni karibu zaidi. Je, hilo litatatua tatizo?

Fundi Seva
Ndugu, siku ile mikongo ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, yaani kwenye njia ambayo data zenu zingepita kuelekea Cape Town. Njia ya kaskazini, ya kuelekea Ulaya, nayo ilikuwa imedhoofika tangu Februari, mikongo kadhaa ilipoharibika katika Bahari ya Shamu. Ukaribu una faida yake, kwa kuwa kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza takriban milisekunde 10 za kwenda na kurudi, lakini ninyi hamkuumizwa na milisekunde. Mliumizwa na mfumo usiomruhusu karani kuandika chochote mpaka seva ya mbali ijibu. Wekeni hifadhidata ndogo katika kila tawi, muamala uandikwe hapo kwanza, kisha usubiri kwenye foleni hadi mtandao urudi.

Bi. Hifadhidata
Naunga mkono, kwa sharti moja ambalo naliona ni la lazima: kila muamala upewe namba yake ya pekee tawini kabla haujatumwa. Mtandao unapoyumba, ombi huweza kufika salama na jibu likapotea njiani. Tawi litatuma tena, na seva isiyoitambua namba hiyo itamwandikia mwanachama rejesho mara mbili.

Mtunza Mifumo, Mwanza
Nawashukuru. Je, mwanachama akitaka kutoa fedha wakati mtandao haupo?

Bi. Hifadhidata
Hapo foleni haitoshi, kwa sababu anaweza kutoa salio lilelile katika matawi mawili. Aruhusiwe kutoa katika tawi lake la nyumbani pekee, kwa kiwango ambacho bodi imekubali kubeba hasara yake.