Helikopta za uokoaji zipewe wawekezaji?

Mwana Pangani: Wenzangu, mnaonaje? Mwaka 2015 Uingereza ilitoa kazi ya helikopta za uokoaji mikononi mwa jeshi ikaipa kampuni ya Bristow, mkataba wa miaka kumi, pauni bilioni 1.6. Sisi Kenya tunategemea chopa za polisi na za KDF, jeshi letu, na waliokufa kwa ajali zake tumewazika: Waziri Saitoti na naibu wake Ojode 2012, mkuu wa majeshi Jenerali Ogolla 2024. Wawekezaji wachukue. Serikali imeshindwa.

Nesi wa Zamu: Sikubali. Kule serikali ndiyo inayoilipa kampuni, anayeokolewa halipi hata senti. Wewe unataka mwekezaji aachiwe mgonjwa amkamue.

Kaka wa Lang'ata: Tuambiane ukweli. Mtu anayepanda matatu kila siku ana shughuli gani na helikopta? Hiyo ni huduma ya wenye bima. Waachieni wafanyabiashara.

Dereva wa Umoja: Ati nini? Rudia hapo kwa matatu! Nimeendesha miaka kumi na saba, Umoja hadi mjini. Ajali ikitokea nani hubeba majeruhi? Tunawalaza viti vya nyuma, damu tunaiosha wenyewe kwa sabuni ya unga, na siku hiyo hesabu ya tajiri haijafika. Hatuulizi bima.

Mama Wawili: Mwambie! Chopa za mazishi ndizo hawazioni. Mheshimiwa anatua uwanja wa shule, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria za wapishi. Hapo hakuna anayeuliza gharama.

Kaka wa Lang'ata: Msinilishe maneno. Sijamtukana mtu.

Dereva wa Umoja: Umetutukana sote tunaoamka saa kumi.

Mwana Pangani: Jamani, turudi kwa mada. AMREF, wale madaktari wa ndege, si watu binafsi? Wako uwanja wa ndege wa Wilson tangu uhuru, na kazi yao inaonekana.

Nesi wa Zamu: Walianzishwa 1957, kabla ya uhuru. Na ni shirika la hisani, halikuanzishwa kugawia wenye hisa faida. Tena wanatumia zaidi ndege za kawaida, zinazotaka kiwanja. Aliyelala kando ya barabara kiwanja atakitoa wapi?

Mtoto wa Nyandarua: Mimi nitasema yaliyonikuta. Kaka yangu aligongwa na lori karibu na Mai Mahiu. Kampuni tuliyoipigia ilitaka pesa kwanza ndipo rubani awashe injini. Nilikaa kwenye nyasi, simu ina chaji asilimia 6, michango ya jamaa inaingia. Kutuma, M-Pesa ikakataa: kiwango cha siku nimekifikisha. Tulimpeleka kwa pikapu ya mboga, juu ya kabeji, nikimshikilia shingo kwa mikono miwili.

Dereva wa Umoja: Pole sana ndugu yangu. Alipona?

Mtoto wa Nyandarua: Yuko. Anatembea kwa gongo, anauza viazi Ol Kalou.

Mama Wawili: Mungu ni mwema.

Mwana Pangani: Pole. Lakini hiyo ni kampuni moja mbaya. Wakiwa wengi watashindana, bei itashuka.

Nesi wa Zamu: Washindanie mteja aliyelala kwenye nyasi? Atalinganisha bei saa ngapi?

Kaka wa Lang'ata: Basi SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe, tumalize.

Dereva wa Umoja: SHA ni pesa ya nani? Kila mwezi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wa sacco, mshahara wa matatu. Ulisema sina shughuli na helikopta. Ninayo. Na bado nangoja uliondoe lile neno.