Mapipa ya sayanaidi na madumu ya asidi ndani ya stoo moja: je, ni salama?

MtunzaStoo_Chunya aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Nimekabidhiwa stoo ya kemikali katika mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu huku Chunya, mkoani Mbeya. Kwenye ukuta mmoja yamepangwa mapipa ya chuma ya kilo 50 yenye sodiamu sayanaidi, kemikali yenye sumu tunayoyeyushia dhahabu, na kwenye ukuta unaotazamana nao yamepangwa madumu ya asidi ya haidrokloriki tunayooshea kaboni, yaani makaa yanayonasa dhahabu iliyoyeyuka. Sakafu ina mteremko unaoelekea kona moja, na mvua ya upepo ikinyesha maji hupenya chini ya mlango na kutuama kwenye kona hiyo. Chokaa iko nje, chini ya turubai.

Mwenye mtambo anasema mpangilio huo umekuwepo tangu zamani na hakuna aliyewahi kudhurika. Mimi sijatulia hata kidogo. Ninaomba wenye ujuzi wanieleze ni kipi cha kurekebisha kwanza, na ni nini tufanye endapo mfanyakazi ataanguka ghafla karibu na tenki la kuchenjulia. Vilevile kuna wanakijiji wanaokuja kuomba mapipa matupu wakatekee maji, nami sijui niwajibu nini.

Mkemia_Mwanza alijibu:

Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki, na cha kwanza kurekebisha ni hiyo asidi. Iondoe humo kabla ya jambo lingine lolote.

Sodiamu sayanaidi ni chumvi nyeupe, na ikiwa kavu ndani ya pipa lililofungwa vizuri hutulia. Inapokutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi, yaani katika joto la kawaida la mchana wa huko kwenu hakuna kinachoizuia kuwa hewa na kuingia katika mapafu ya aliye karibu. Kwa stoo uliyoieleza, dumu moja likivuja usiku na pipa moja likawa limetoboka kwa kutu, asidi na chumvi iliyolowa maji vitafuata mteremko hadi kwenye kona ileile yenye maji, na atakayefungua mlango asubuhi ndiye atakayekutana na gesi hiyo. Asidi inatakiwa iwe na jengo lake, lenye sakafu isiyomwaga maji upande wa sayanaidi. Stoo ya sayanaidi yenyewe iwe kavu, ipitishe hewa, iwe na kufuli, na mapipa yainuliwe juu ya fremu za mbao, kwa sababu hata unyevu pamoja na kaboni dioksaidi iliyomo katika hewa ya kawaida huifanya chumvi hii itoe gesi hiyo kidogo kidogo. Ndiyo maana pia moto ukitokea hapo hautakiwi kuzimwa kwa mtungi wa kaboni dioksaidi. Tumieni mtungi wa unga mkavu.

Kwenye tenki, mlinzi wenu ni chokaa. Maji yakiwa na pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi hupungua) ya 10.5 hadi 11, karibu sayanaidi yote hubaki ndani ya maji; ikishuka hadi kama 9.2, nusu yake huwa imekwisha kugeuka haidrojeni sayanaidi iliyo tayari kuondoka kama gesi. Kwa hiyo chokaa hutangulia, pH hupimwa, na ndipo sayanaidi huingia. Anayekoroga kwanza na kupima baadaye anahatarisha wenzake wote walio juu ya tenki. Nanyi mnaoosha kaboni kwa asidi, isuuzeni kwanza kwa maji mengi, kwani kaboni iliyotoka kwenye tenki hubeba mabaki ya sayanaidi katika vitundu vyake.

Msitegemee pua. Gesi hii husemwa kuwa na harufu ya lozi chungu, lakini wapo watu wengi ambao kwa maumbile ya kurithi hawaisikii kabisa. Nunueni kipima gesi cha kuvaa kifuani, kilichowekwa kulia ifikapo sehemu 4.7 kwa milioni. Mwambie pia mwenye mtambo kwamba Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeshughulika na kemikali hizi asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hoja ya kwamba hakuna aliyedhurika haitamsaidia siku mkaguzi atakapofika.

Muuguzi_Songwe alijibu:

Naomba nijibu kuhusu mtu kuanguka, kwa kuwa hapo ndipo watu wawili hufa badala ya mmoja. Mwenzake hukimbilia kumvuta bila kujikinga, naye anavuta gesi ileile. Asiyekuwa na kifaa cha kupumulia asiingie ndani ya tenki wala ndani ya stoo iliyojaa gesi, hata kama aliyeanguka ni ndugu yake wa damu. Ninajua ni neno zito kuliandika.

Sayanaidi huzuia chembe hai za mwili zisiweze kutumia oksijeni, hata pale damu inapokuwa imeibeba ya kutosha. Mgonjwa huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kuhema haraka, kisha hufuata degedege na kupoteza fahamu, na gesi ikiwa nyingi hayo yote hupita ndani ya dakika chache. Akishatolewa kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi, huku wanaomhudumia wakiwa wamevaa glovu. Apewe oksijeni mara moja. Asipuliziwe hewa mdomo kwa mdomo. Tumieni kifaa cha kupulizia chenye barakoa na mfuko. Maziwa, ambayo kwetu hukimbiliwa kwa kila sumu, hayazuii sumu hii, na mtu asiye na fahamu akinyweshwa maziwa hupaliwa.

Dawa ipo: haidroksokobalamini, ambayo mtu mzima hupewa gramu 5 kwa kudungwa kwenye mshipa. Zahanati ya jirani huenda haina, kwa hiyo nendeni sasa, kabla ya ajali, mkaulize ni hospitali ipi inayo, na muwaachie maandishi yanayotaja kemikali mnayotumia. Kwenye mtambo wekeni mtungi wa oksijeni uliojaa, pamoja na mtu aliyefundishwa kuutumia.

Mchenjuaji_Geita alijibu:

Nakubaliana na mengi, lakini naona tunawatia watu hofu. Jua la huku linavunja sayanaidi lenyewe. Sisi tunaliacha bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kuchenjua, likae wazi, na baada ya muda hakuna kitu tena humo. Tunachenjua marudio ya mialo, yaani mchanga uliobaki pale wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu, bila matatizo.

Mkemia_Mwanza alijibu:

Ndugu Mchenjuaji, kuhusu jua una ukweli nusu. Mwanga na hewa huondoa sayanaidi iliyo huru, lakini ile iliyoshikana na shaba hukawia sana, na kina cha bwawa huzuia mwanga usifike chini. Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sayanaidi inataka maji yaliyo wazi kwa ndege na mifugo yasizidi miligramu 50 za sayanaidi kwa lita, na hilo hujulikana kwa kupima tu. Kanuni hiyo yenyewe ilizaliwa baada ya bwawa la mgodi kupasuka Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000, ambapo takribani mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi ziliingia mitoni, zikaua samaki hadi katika mto Tisza nchini Hungaria.

Marudio ya mialo yananitisha zaidi. Mengi yamekwisha kupita kwenye zebaki, na sayanaidi huiyeyusha zebaki hiyo na kuibeba kwenye maji. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataja kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo zebaki haijaondolewa kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Ondoeni zebaki kwanza.

MtunzaStoo_Chunya aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimeuchapisha uzi huu na kumpelekea mwenye mtambo, naye ameridhia asidi ihamishiwe kwenye chumba cha jenereta la zamani, ambacho kiko mbali na kina sakafu yake. Limebaki la mapipa matupu. Wengine wanasema ukiyasuuza vizuri kwa sabuni yanafaa.

Mkemia_Mwanza alijibu:

Usimpe mtu hata moja. Chumvi hujificha kwenye mikunjo ya kifuniko na kwenye mshono wa chini, mahali ambapo mkono na sabuni havifiki, na mama atakayeteka maji humo hana namna ya kujua. Suuzeni kila pipa mara tatu, maji ya kusuuzia yamwageni ndani ya tenki lenye chokaa, kisha litoboeni na kuliponda siku hiyohiyo. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ndani isuuzwe vivyo hivyo na ikatwekatwe, na vyote vikae ndani ya uzio hadi taratibu za kuvitupa zikamilike.