Tupeane uzoefu: mali ya hobi imefika ina shida, pesa ilirudi?

Mfugaji wa Free Area, Nakuru
Wadau, habari zenu. Matapeli tuwaache kando leo. Tapeli akishakula pesa yako anazima simu, kesi imeisha. Mimi nataka visa vya watu wawili waaminifu waliogombana, maana hapo ndipo pagumu. Naanza.

Niliuzia jamaa wa Kakamega jozi ya njiwa wa mbio, 6,000. Nikamwambia wazi: hawa ni wakubwa, wameshazoea banda langu, ukiwafungulia watarudi kwangu. Wafungie watage, urushe makinda watakaozaliwa kwako. Akasema sawa. Muda si mrefu, asubuhi moja, dume huyo yuko juu ya paa langu! Kabla sijanywa chai simu inalia: "Njiwa ametoroka, nirudishie nusu." Nikamwambia njiwa wako yupo hapa mzima, anakula mahindi yangu, njoo umchukue ama ulipe nauli nimpakie kwa matatu. Akakataa katakata. Hoja yake: mali ikimrudia muuzaji, pesa nayo imrudie mnunuzi. Hoja yangu: njiwa wa mbio kazi yake ni kurudi nyumbani, sasa kasoro iko wapi? Tulivutana hadi msimamizi wa kundi akatunyamazisha wote. Mwishowe nilimtumia makinda wawili ambao hawajaanza kuruka, nikabaki na dume. Haki ilikuwa yangu, lakini jike mpweke angemfaa nini?

Tangi la Milimani, Kisumu
Mimi nauza samaki wa mapambo. Sharti langu: samaki akifika amekufa, nirushie video mfuko ukiwa bado umefungwa. Mama mmoja wa Kericho akanitumia picha ya samaki wakielea ndani ya tangi lake. Nikamuuliza, mama, maji umetoa wapi? Mferejini, dakika hiyo hiyo. Klorini, dawa inayotiwa kwenye maji hayo, inaunguza matamvua, hata uwe na samaki wa dhahabu kweli. Sikurudisha kitu.

Mama Maua, Kakamega
Na habari ya klorini ulimwambia kabla hajalipa?

Tangi la Milimani, Kisumu
Iko kwenye tangazo.

Mama Maua, Kakamega
Kwenye tangazo watu husoma bei. Mimi nikiuza okidi namwandikia mteja mwenyewe namna ya kumwagilia, na simpokei pesa hadi ajibu kwamba amesoma. Ungempa hata nusu, ndugu yangu.

Lenzi Kuukuu, Bungoma
Yangu ni lenzi ya kamera, 18,000, kutoka kwa mtu wa Kisumu. Aliandika "kioo safi kabisa". Nikamulika tochi ya simu upande wa nyuma, nikatazama mbele: kuvu imetanda ndani. Akasema hiyo ni kawaida ya unyevu wa ziwani. Kawaida! Nikatuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nikiomba muamala urudishwe, lakini njia hiyo imewekewa aliyekosea namba, haiamui ugomvi wa bidhaa. Isitoshe, alikuwa ameshatoa pesa.

Kilichomlegeza ni barua ya madai. Nilipanga jumbe zake zote, ile ya "kioo safi" ikiwa juu, nikamwambia kinachofuata ni Mahakama ya Madai Madogo. Kule madai yanapokelewa hadi shilingi 1,000,000, unajisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Akalipa kabla sijafungua kesi, ila akakata 300 akisema ni nauli ya parseli ya kurudisha.

Mfugaji wa Free Area, Nakuru
Ukakubali?

Lenzi Kuukuu, Bungoma
Bwana, 17,700 mkononi, nikagombee mia tatu?

Mama Maua, Kakamega
Gombea. Kuvu ilikuwa yake, na nauli ni yake.