Jini ya mtarakwa imekuwa nyeupe nilipotia maji. Imeharibika?

Pua_Kavu: Wadau, nazungumzia jini ya chupa, si ile ya kwenye mibuyu. Hii ni ya Kenya, imenerekwa kwa matunda ya mtarakwa, alkoholi asilimia 44. Nikinusa napata ukali tu, msitu siuoni. Nimetia maji ya friji, ikawa kama maji ya mchele. Niimwage?

Mnerekaji: Usimwage, mkuu. Mafuta ya matunda na viungo huyeyuka kwenye alkoholi, si kwenye maji. Kileo kikishuka, au jini ikipoa ghafla, mafuta hujitenga kwa matone madogo mno, na ndiyo huo weupe. Mafuta hayo ndiyo harufu uliyolipia. Wapo wanaoichuja ikiwa baridi ili isichafuke, ila sehemu ya harufu inabaki kwenye chujio. Cha kutilia shaka ni unga chini ya chupa ambayo haijafunguliwa. Huo mara nyingi ni chokaa ya maji magumu yaliyotumika kuizimua.

Iliki_na_Basibasi: Pua nayo ina dawa yake. Chukua glasi iliyobana mdomo, jini mililita 25, barafu weka mbali. Anzia usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, pandisha polepole. Ukizamisha pua, spiriti inaiziba. Kisha ongeza maji mililita 25 yasiyo baridi: 44 inashuka hadi 22. Subiri dakika mbili. Maganda ya ndimu hutangulia, utomvu wa mtarakwa hufuata, viungo vizito huchelewa. Tafuta ubichi wa jani lililopondwa, na udongo kidogo. Harufu ya penseli iliyochongwa ni ya mbao za mti huohuo, si ya tunda. Ukimaliza usioshe glasi. Inuse tena baada ya dakika kumi.

Mnerekaji: Na toniki, ile soda chungu ya kuchanganyia, isizidi mara mbili ya jini. Kwinini na sukari zikizidi, utaonja toniki tu. Ndimu usikamue, kata ganda.

Kamba_ya_Uzio: Msije mkachuma matunda kwenye uzio mkaloweka! Nyua nyingi za nyanda za juu ni msaiprasi: tunda lake gumu kama mbao, limegawanyika vipande kama mpira wa miguu. La mtarakwa ni laini, samawati iliyokoza lenye vumbi jeupe, halifiki sentimita moja.