Fundi kalipiga TEKE bampa la pikipiki yangu, halafu ananiuliza "Si limeingia?"

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Wakuu, mikono bado inanitetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Nimeingia ndani sasa hivi, helmeti sijaiweka hata chini.

Yule fundi mnamjua. Jina silitaji. Lakini kama unaendesha pikipiki kubwa hapa Dar na umewahi kuuliza nani anafunga vitu vizuri, basi umeelekezwa kwake. Yule wa chini ya mwarobaini, anayesifiwa mpaka unadhani alizaliwa ameshika spana. Huyo huyo. Leo kalipiga bampa langu teke. Teke, wakuu! Halafu akanigeukia, akafuta jasho, akaniuliza, "Si limeingia?"

Nianze mwanzo, maana nikianzia hapo kwenye teke nitatukana.

Nina V-Strom 650. Wanaoijua wanaijua, hiyo ni mashine ya safari, tanki lita 20, na ukishaifunga maboksi ya pembeni inapita kilo 200 mbali kabisa. Mwaka jana ilinilalia pale Kimara nikiwa nimesimama tu. Mguu ulikanyaga kokoto, ukateleza, mashine ikaenda chini polepole kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Mkono wa klachi ukakatika, plastiki ya ubavuni ikapasuka. Bila mwendo wowote! Tangu siku hiyo nikasema sitoki tena nje ya mji bila bampa, yale mabomba ya kukinga ubavu mashine ikilala.

Nikajibana. Bampa nimeliagiza Ujerumani, mabomba ya chuma yenye rangi nyeusi ya kuokwa. Miezi miwili ya kusubiri, ushuru, VAT asilimia 18 juu yake, nikalipa bila kununa. Likaja kwenye boksi na bolti zake, bushi zake, washa zake, kila kitu kwenye kimfuko chake, na karatasi ya michoro. Hata kama Kijerumani hukijui, michoro unaielewa: bolti zote zinaanza kwa vidole, hamna kukaza. Unaning'iniza kushoto, unaning'iniza kulia, unaunganisha mbele, unalichezesha mpaka matundu yote yaonane, ndipo unakaza kidogo kidogo huku na huku. Bampa linakaa kwenye sehemu zile zile zinazoshikilia injini kwenye fremu. Si mahali pa kufanyia ubabe.

Karatasi nikampa mkononi. Kaikunja mara mbili, kaiweka juu ya tofali, kaikalia ili suruali isichafuke.

Akafunga kushoto, akachomeka bomba refu kwenye spana, akakaza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Kaka, wanasema tusikaze kwanza." Akanijibu, "Bosi, ufundi nimeanza wewe hujazaliwa." Nina miaka 41. Yeye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia.

Akaja kulia. Matundu yakakataa kuonana, na lazima yakatae, kushoto kumeshavuta kila kitu. Pengo likabaki upana wa kidole. Mwenye akili analegeza kushoto. Yeye akarudi nyuma hatua mbili. Nikadhani anaangalia. Wakuu, mimi nikadhani anaangalia! Akavuta pumzi, akanyanyua mguu wenye katambuga, akalibamiza. Pikipiki ikayumba kwenye stendi, bampa likaenda kugusa mapezi ya rejeta, moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Akapachika bolti haraka kabla tundu halijamponyoka, akaisukuma kwa spana badala ya vidole, ikaingia upogo huku inalia kriii. Chenga za alumini zikatoka, zinang'aa kwenye grisi kama pambo la kucha za bibi harusi. Hizo chenga ndiyo uzi wa tundu, ile mistari ya ndani inayoshika bolti. Ndiyo nyama ya pikipiki yangu ile.

Halafu: "Si limeingia?"

Nikamwambia ajaribu kukaza. Bolti inazunguka bure. Akasema nisiwe na wasiwasi, tukishindwa tunachomelea. Kuchomelea! Fremu ya V-Strom ni alumini, yeye ana mashine ya kuchomelea mageti, na betri wala hana mpango wa kuitoa. Anataka kupitisha umeme wa geti kwenye kompyuta ya injini.

Nikalipa elfu arobaini. Ndiyo, nimelipa, vijana wa kijiweni walishasogea. Akaomba na ya soda.

Ijumaa tunatoka watu wanne, Morogoro, Mikumi, tunapanda Kitonga, tunalala Iringa. Mashine yangu ina alama ya katambuga ubavuni. Vumbi la soli limechora mistari yake yote kwenye ile rangi nyeusi, mpaka kitundu cha msumari kinaonekana. Sijaifuta, nimeipiga picha. Nikifumba macho nauona ule mguu unanyanyuka. Ulikuwa na nafasi ya kurudi chini, ule mguu. Haukurudi.

Nani ana spana ya kupimia nguvu ya kukaza? Na nani anamjua mtu wa kuchonga uzi kwenye alumini kabla ya Ijumaa?

Kijana wa Buguruni

Namjua huyo! Mimi alinifungia kioo cha pembeni, mpaka leo kinanionyesha mawingu. Pole sana mkuu.

Mti Mkavu

Ngoja nielewe. Umeagiza chuma Ujerumani cha kuhimili ajali, kimeshindwa na katambuga? Hilo ni bampa au chapati?

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Mkuu soma vizuri. Bampa ni zima, halina hata mkwaruzo. Kilichokufa ni uzi wa tundu. Bolti ni chuma, tundu ni alumini, wakigombana anayekufa ni alumini. Angelegeza kushoto mizunguko miwili tu, kulia kungeingia kwa vidole. Yeye akarudi nyuma hatua mbili. Mbili!

Mti Mkavu

Kwa hiyo alipiga penalti.

Samaki Feri

Na kipa alikuwa wapi? Mtu anarudi nyuma hatua mbili mbele ya pikipiki yako, wewe umesimama na helmeti mkononi unamwangalia?

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

NILIDHANI ANAANGALIA.

Mzee wa Kitonga

Waacheni utani, kijana ana tatizo. Ndugu yangu, hiyo bolti usiirudishe na usiikaze tena. Chenga zitoe kwa brashi na upepo wa kompresa. Tundu lililovuliwa uzi si mwisho wa dunia: linatobolewa kwa saizi yake, linachongwa uzi mpana zaidi, halafu inaingizwa koili ya uzi ya chuma, bolti ile ile ya zamani inakaa humo. Ikifanywa na mtu mwenye mkono mtulivu inakuwa imara kuliko mwanzo. Lakini tundu litobolewe limenyooka. Likienda upande, hapo ndipo utalia kweli.

Ukirudi kufunga, weka jeki chini ya injini na kipande cha ubao katikati, kisha toa bolti ya injini moja, rudisha moja. Usitoe zote kwa pamoja, injini itashuka kidogo na matundu hayataonana tena hata ukiita kijiji kizima. Kila bolti ina namba yake ya kukaza kwenye kitabu cha mashine, kwa Nyutoni-mita, usikisie. Ukishatembea kilomita mia moja mbili za mwanzo, simama, pitia bolti zote tena.

Na la kuchomelea, hapo nimeshika kichwa. Hata kwenye fremu ya chuma, betri inatolewa kwanza.

Jambo jingine. Bampa linakusaidia mashine ikilala ubavu. Jiwe linalorushwa na lori halilizuii. V-Strom filta yake ya oili iko mbele ya injini, wazi kabisa, kwa hiyo tafuta na sahani ya kukinga tumbo kabla hujafika Mikumi.

Boda wa Tegeta

Mnajitesa wenyewe. Boxer yangu bampa nimenunua Kariakoo elfu thelathini na tano na kufungiwa juu. Dakika kumi. Na alipiga teke pia, mbona mimi sikulia?

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Boxer yako bampa linakaa kwenye fremu ya chuma kwa klampu, kaka. Hata ukilipiga teke kumi, hamna uzi wa alumini hapo wa kuvua. Mimi kapiga moja nimepoteza injini.

Kijana wa Buguruni

Hujapoteza injini mkuu, umepoteza tundu moja.

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Wewe si ndiye uliyeanza na pole?

Askari Mstaafu

Mimi hayo mabampa siyataki kabisa. Ukianguka mguu unabanwa kati ya bomba na lami. Afadhali pikipiki ichubuke mimi nibaki na mguu.

Mzee wa Kitonga

Lililotengenezwa kwa mashine husika linaacha nafasi, pikipiki ikilala mguu unakuwa kwenye uwazi. Yanayobana ni yale ya kubuni, bomba limekunjwa kwa macho. Niliwahi kulala nayo kwenye kona za Kitonga kwa mwendo wa kutembea, nikavuta mguu nikatoka.

Samaki Feri

Nimegundua kitu. Jamaa kafungua uzi kulalamikia uzi.

Fundi Naye Mtu

Mimi ni fundi, si huyo mnayemsema, na teke silitetei. Lakini wateja wenye pikipiki kubwa mnachosha. Mtu anakuja na simu, kafungua video ya Mzungu ana karakana safi kuliko sebule yangu, ananisimamia kichwani, "hapo sivyo, rudisha nyuma nione." Kila bolti ananipiga picha. Nikimwambia bei ya kazi ya saa mbili analia kwamba ni bolti sita tu. Halafu anataka nitumie spana ya kupimia. Hiyo spana nzuri inauzwa bei gani na nyinyi mnanilipa shilingi ngapi?

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Mimi nilimpa karatasi, sikumsimamia. Aliikalia!

Fundi Naye Mtu

Karatasi ya Kijerumani.

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

MICHORO. Vidole vimechorwa. Mguu haujachorwa popote.

Mama Kitenge

Kwa kuwa mnazungumzia uzi na mafundi, wangu mimi nani atamsema? Kitenge nimempelekea fundi nguo tangu mwezi uliopita, harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi. Leo nimeenda ananiambia umeme ulikatika. Kwenye cherehani ya miguu!

Mti Mkavu

Hahahaha, umeme wa miguu ulikatika. Huyo kashinda, huyo wa teke arudi nyumbani.

Boda wa Tegeta

Dada pole. Wangu suruali ya sare alinikatia fupi, akaniambia ndiyo mtindo. Abiria wakawa wananiita Kipensi.

Kijana wa Buguruni

Mafundi nguo ni ukoo mmoja. "Njoo kesho" wamezaliwa nayo. Ukienda kesho unakuta kashona ya mwenzako kwa kitambaa chako.

Mama Kitenge

Usiniambie hivyo! Jana nimeona mtu Magomeni kavaa maua kama yangu nikajua yanafanana tu.

Samaki Feri

Dada, rudi Magomeni.

Mpanda Chuma (mwenye uzi)

Wakuu, Ijumaa ni keshokutwa. Spana nani anayo? Mzee wa Kitonga, nimekutumia ujumbe pembeni.

Askari Mstaafu

Mama Kitenge, ulimpa mita ngapi?

Mama Kitenge

Sita. Gauni na kilemba.

Fundi Naye Mtu

Sita zinatosha gauni, kilemba na kipande kinabaki. Mwambie akuletee na kile kipande.