Viazi vya Misri na viazi vya Kinangop: vibanzi vya wapi ni bora?

Mwalimu wa Njabini aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Nimezaliwa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, mahali ambapo mtoto hujifunza kuchimba viazi kabla hajaweza kuandika jina lake, na labda ndiyo sababu jambo hili halijanitoka moyoni tangu Januari 2022. Mtakumbuka kwamba mwezi huo mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa vibanzi kwa kuwa shehena ya viazi kutoka Misri ilikuwa imechelewa njiani, na tukaelezwa kwamba viazi vya hapa havingeweza kununuliwa kwa sababu kila muuzaji hana budi kupitia kwanza ukaguzi wa ubora unaotumika duniani kote. Kampuni hiyo ilikuwa nchini tangu mwaka 2011. Viazi ni zao letu la pili la chakula baada ya mahindi. Miaka yote hiyo, hakupatikana mkulima hata mmoja wa kukaguliwa?

Juzi niliwapeleka wajukuu Nairobi, wakataka tule katika mojawapo ya mikahawa mikubwa yenye matawi mengi, ambayo sitaitaja. Vibanzi vyake vilikuwa virefu, vya rangi moja, vimelingana kana kwamba vimepimwa kwa rula, lakini ladha ya kiazi sikuisikia. Kesho yake tulikula kwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Hapo kiazi kilikuwa kiazi kweli, ila mafuta yalikuwa meusi kiasi kwamba sikumaliza sahani. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, ubora unaotajwa na mikahawa mikubwa ni ubora wa chakula, au ni jina jingine la kufanana?

Aliyekuwa Jikoni alijibu:

Shikamoo mwalimu. Nilifanya kazi miaka saba katika jikoni za mikahawa ya namna hiyo, na kwa sehemu kubwa umejijibu mwenyewe. Vibanzi ulivyokula havikukatwa siku ile wala wiki ile. Kiwandani kiazi humenywa, hukatwa, huchovywa katika maji ya moto, hukaushwa, hukaangwa kidogo tu, kisha hugandishwa na kuhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mpishi wa mkahawani hufungua mfuko, humwaga vibanzi ndani ya mafuta na kusubiri kengele. Kazi yake haihitaji kukijua kiazi, na hilo ndilo lililokusudiwa, kwa sababu mteja wa Mombasa anatakiwa apate kile kile alichokipata Eldoret.

Ili kiazi kivumilie safari hiyo, ni lazima kiwe kirefu, macho yake yasiwe ya kina, na maji yake yasiwe mengi. Ukikikausha kabisa, kibaki angalau sehemu ya tano ya uzito wake. Sukari nayo iwe kidogo, kwa kuwa ndiyo hukifanya kibanzi kuwa cha kahawia na chenye uchungu kabla hakijaiva ndani. Shangi, ambayo wakulima wetu wengi wanaipanda, ni tamu na huiva upesi, lakini macho yake yamezama, hivyo mashine ya kumenya hupoteza sehemu kubwa ya kiazi, na huanza kuchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Ukiihifadhi kwenye baridi ili isichipue, wanga wake hugeuka sukari. Kwa hiyo ule ukaguzi haukuwa kisingizio kitupu.

Hata hivyo, sitaki kuwatetea kupita kiasi. McDonald's ilipoingia India mwaka 1996 ilianza kwa kuagiza vibanzi kutoka nje, lakini kampuni iliyowauzia vibanzi hivyo ilikwenda Gujarat, ikajaribu mbegu, ikawafundisha wakulima wa mkataba na hatimaye ikajenga kiwanda huko. Kazi hiyo ilichukua miaka, na ilifanyika kwa sababu kuna aliyeamua kwamba inafaa kufanyika. Hapa kwetu uamuzi wenyewe ulisubiri mpaka wateja walipokasirika mitandaoni, ndipo ikatangazwa kwamba wauzaji wa humu nchini watatafutwa.

Tena mnyororo wa namna hiyo, pamoja na ukaguzi wake wote, hukatika mahali pamoja ukaanguka wote. Mwezi Februari 2018 KFC ya Uingereza ilibadilisha kampuni ya kusafirisha kuku, bidhaa zikakwama katika ghala moja, na mamia ya mikahawa yake kati ya takriban 900 yakafungwa. Kibanda chako cha kituoni kikikosa viazi kwa huyu, kitanunua kwa yule.

Mkulima wa Ol Kalou alijibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu aliyetangulia na ninakubaliana naye kuhusu Shangi, lakini ameanzia kiwandani ilhali tatizo huanzia shambani, na sisi wakulima tuna sehemu yetu ya lawama. Kiazi kinachotakiwa kukaa bila kuharibika hukatwa mashina yake takriban wiki mbili kabla ya kuvunwa, ili ngozi ikomae. Sasa bei ikipanda, dalali hufika na fedha mkononi leo, na mimi nina karo ya kulipa leo. Ninachimba viazi vikiwa bado vichanga, vinachubuka ndani ya gunia, halafu vinashinda juani sokoni hadi vinageuka kijani, na kiazi cha kijani kina sumu. Mlaji wa mjini akilalamika kwamba viazi vya Nyandarua ni vibaya, hajui kwamba vilikuwa vizuri siku tatu zilizopita.

Kuna na suala la lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini bado kuna wanunuzi wanaofunga gunia likawekwa na kilemba juu, likapita kilo 100, na bei ikabaki ya gunia moja. Mkulima anayenyonywa hivyo hatanunua mbegu iliyoidhinishwa. Atatenga viazi vidogo vya msimu uliopita, apande na mnyauko wa bakteria uliomo ndani yake. Nimewahi kupanda Markies, ambayo ni nzuri mno kwa vibanzi. Ilikawia shambani kuliko Shangi, na nilipoifikisha sokoni nikapewa bei ile ile. Sijairudia.

Halafu hakuna anayeniuliza viazi vimetoka shamba gani wala nilinyunyiza dawa lini. Viazi vyangu humwagwa kwenye lori moja na vya watu wengine ishirini. Hapo, nakiri, mkahawa mkubwa unatuzidi: mfuko wao una namba, na tatizo likitokea wanajua kundi lipi la kuondoa.

Mama wa Vibanzi, Nakuru, alijibu:

Mimi ninauza vibanzi, na naona mnazungumza juu ya viazi peke yake kana kwamba vinaliwa vibichi. Kiazi mimi nakijua bila namba. Nafika sokoni alfajiri, nachagua kimoja kutoka katikati ya gunia wala si juu, nakikata na kubana vipande viwili pamoja. Vikitoa maji mengi nahama kwa muuzaji mwingine. Ninachonunua kinakwisha siku hiyo hiyo.

Mafuta ndiyo yanayotutofautisha. Ndugu wa jikoni atakubali kwamba kule kwao mafuta huchujwa kwa ratiba, joto hupimwa, na yakifikia kiwango fulani humwagwa hata kama meneja anaumia. Nchi kadhaa za Ulaya zina kikomo cha kisheria cha uchakavu wa mafuta ya kukaangia. Kwetu kikomo ni mfuko wa mwenye kibanda. Bei ya mtungi ikipanda na sahani ibaki pale pale, kwa sababu mteja hatakubali kuongeza hata shilingi kumi, kinachorefushwa ni umri wa mafuta. Nachuja kila jioni, lakini nisingekuwa mkweli nikisema kwamba sijawahi kuongeza mapya juu ya machakavu.

Jambo moja sifanyi: sinunui mafuta ya kupima kwa mtu nisiyemjua. Nyote mmesikia habari za mafuta yanayoibwa kwenye transfoma za umeme na kuuzwa kwa wakaangaji. Mtungi wangu huvunjwa lakiri mbele ya wateja.

Mwalimu wa Njabini:

Nawashukuru. Mama, niambie basi, mtu atayatambuaje mafuta machakavu bila kumkosea heshima mwenye kibanda?

Mama wa Vibanzi, Nakuru:

Rangi peke yake hudanganya, mwalimu, kwa maana hata mafuta ya jana huwa yameiva kidogo. Angalia povu: likipanda na kukaa badala ya kupasuka, na moshi ukitoka kabla viazi havijaingia, nenda zako. Na ukitaka kuuliza, uliza tu yalimwagwa lini. Mimi huwa naulizwa, na sijachukia.

Mkulima wa Ol Kalou, ile Markies hujaacha hata kipande? Ningechukua magunia manne kila wiki, ya shamba moja, yenye ngozi iliyokomaa.

Mkulima wa Ol Kalou:

Markies sina msimu huu. Shangi ninayo robo ekari ambayo haijaguswa. Mashina nitayakata Jumatatu, kwa hiyo uhesabu wiki mbili. Gunia litakuwa la kilo 50, bila kilemba, lakini bei tutaielewana kabla sijachimba, wala si lori likiwa limesimama barabarani.

Mama wa Vibanzi, Nakuru:

Sawa. Gari nitatafuta mimi.