Maine: mchujo wa ugavana kwa kupanga wagombea, Novemba kwa kura nyingi tu. Katiba ibadilishwe?

Mtoa mada
Wadau, kule Maine, Marekani, mtu anayetaka ugavana anapimwa kwa hesabu mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Juni, kwenye mchujo wa chama, mpiga kura anapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mkiani anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, mambo yanageuka, mwenye kura nyingi ndiye gavana hata kama ana theluthi tu.

Wananchi walipitisha upangaji huu wa wagombea mwaka 2016 kwa asilimia kama 52. Mei 2017 majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo walitoa maoni ya pamoja kwamba katiba inamtaka gavana apatikane kwa kura nyingi, basi. Mchujo haugusi kifungu hicho, ndiyo maana ukasalimika.

Nasema katiba ibadilishwe. Mwaka 2010, kabla ya haya yote, Paul LePage alipita mchujo wa chama cha Republican wenye watu saba kwa asilimia kama 37. Novemba akashinda kwa 37.6, akimwacha mgombea binafsi Eliot Cutler kwa kura zisizofika 10,000. Mara zote mbili wengi walimtaka mtu mwingine.

Mchangiaji wa pili
Mkuu, kifungu hicho hakikuangukia katibani kwa bahati. Zamani gavana wa Maine alitakiwa kuvuka nusu. Mwaka 1879 hakuna aliyevuka, uamuzi ukaenda kwa Bunge la jimbo, na Bunge lenyewe likagombaniwa nani ni mbunge halali. Watu wenye silaha wakajaa Augusta, mji mkuu wa jimbo, hadi Januari 1880 Joshua Chamberlain, jenerali na gavana wa zamani, akapewa jukumu la kulinda jengo la serikali akiwa mkuu wa wanamgambo wa jimbo. Mwaka huohuo wa 1880 katiba ikarekebishwa: kura nyingi zatosha. Waliotunga walijua walichokuwa wakikikimbia.

Halafu hiyo "nusu" mnayoisifu si nusu ya waliopiga kura. Mchujo wa chama cha Democratic wa 2018 ulikuwa na majina saba. Janet Mills aliongoza raundi ya kwanza kwa asilimia kama 33, Adam Cote akiwa na 28, na baada ya raundi nne Mills akatangazwa kwa 54. Hiyo 54 ni ya kura zilizokuwa bado hai raundi ya mwisho. Maelfu zilikuwa zimeishia njiani.

Mtoa mada
Historia nakubali, ila ugomvi wa 1879 ulitokana na kuwapa wabunge uamuzi. Upangaji unauacha kwenye karatasi zilezile za wananchi. Na kura iliyoishia njiani ni ya mtu ambaye hakupanga zaidi, hajanyang'anywa.

Mchangiaji wa tatu
Si wote waliochagua kutopanga. Wengine wamekosea, na hapa ndipo panapohitaji elimu, hasa kwa raia wapya.

Karatasi ni jedwali: majina yanashuka upande mmoja, safu za nafasi zinakwenda kulia. Unajaza kijiduara kimoja kwa kila nafasi. Ukijaza viwili kwenye safu ya kwanza, mashine haikuchagulii. Kura yako imekufa hapohapo, hata kama safu ya pili umeijaza vizuri. Ukiruka safu moja, inasogea kwenye inayofuata. Ukiruka mbili mfululizo, imekwisha. Kumpa mtu mmoja nafasi zote hakumwongezei kitu: anahesabiwa mara moja, akitolewa huna pa kwenda.

Kuhesabu nako kuna safari yake. Kila mji unatangaza chaguo la kwanza usiku uleule. Ikihitajika raundi nyingine, wasafirishaji wanakusanya vifaa vya kumbukumbu vya mashine, na kwenye vijiji vinavyohesabu kwa mkono wanachukua karatasi zenyewe, vyote hadi Augusta ambako Katibu wa Jimbo anaendesha raundi. Mwaka 2018 kura zilipigwa 12 Juni na matokeo ya Democratic yakakamilika tarehe 20. Republican hawakusubiri kitu, Shawn Moody alivuka nusu raundi ya kwanza.

Mchangiaji wa nne
Mchujo si wa wanachama pekee siku hizi. Tangu 2024 asiye na chama anaomba karatasi ya chama kimoja, anapiga, na anabaki bila chama. Mwanachama wa chama kingine haruhusiwi kuvuka. Kujiandikisha kupiga kura kunawezekana hata siku yenyewe. Kwa ndugu zetu Wakongo na Warundi walioko Portland na Lewiston, miji ya Maine: anayesubiri hifadhi, au mwenye kadi ya ukaazi, bado si raia, asijiandikishe hata akishawishiwa na mfanyakazi wa kampeni. Hilo linaweza kuvuruga faili lake la uhamiaji.

Mchangiaji wa pili
Na mfano wa uchaguzi wa ugavana wa 2014, ambao hutajwa kutetea upangaji, msiutumie ovyo. LePage alipata 48.2, Mike Michaud wa Democratic 43.4, Cutler 8.4. Ili Michaud avuke nusu kwa kura zote, alihitaji karibu wanne kati ya kila watano wa Cutler. Inawezekana, lakini hakuna karatasi inayothibitisha.

Mchangiaji wa tano
Kenya gavana wa kaunti naye anashinda kwa kura nyingi tu, wakati rais anatakiwa kuvuka nusu. Hatujaona dunia ikianguka. Kinachouma huku ni mchujo wa vyama, na Maine angalau wameutengeneza huo.

Mtoa mada
Ndiyo, na huo ndio utata: chama kinapata mgombea anayekubalika kwa wengi, kisha anaingia Novemba ambako mgombea binafsi mmoja anaweza kugawa kura zake.

Mchangiaji wa pili
Basi tuje kwenye njia. Maine wananchi wanaweza kuanzisha sheria kwa kukusanya saini, katiba hapana. Marekebisho yanataka theluthi mbili Seneti, theluthi mbili Baraza la Wawakilishi, kisha kura ya wananchi. Republican, wanaopinga upangaji, wana zaidi ya theluthi kwenye mabaraza yote mawili. Utawapa nini wakubali?